Mafunzo Niliyopata Nikiigiza Msongamano wa Seli

Nakaa Hamriya, Maskati. Jioni nikitoka kazini huwasha laptopu nikaigiza mwendo wa protini ndani ya bakteria. Haya ndiyo yaliyonikaa moyoni.

1. Seli si bilauri ya maji. Lita moja ya uteute ulio ndani ya bakteria Escherichia coli ina gramu 300 hadi 400 za protini, RNA na molekuli nyengine kubwa. Kipimo cha 1999 kilionyesha protini inayong'aa kijani ikisambaa kwa maikromita mraba 7.7 kwa sekunde ndani ya bakteria huyo. Kwenye maji matupu hufika 87. Ni kama njia za Hamriya jioni ya Alkhamisi: mtoto hupenya, mwenye mkokoteni hukwama.

2. Jibu kulingana na kipimo hakuthibitishi sababu. Hili ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2010, Marekani, watafiti McGuffee na Elcock waliunda kwenye kompyuta uteute wenye aina 50 za molekuli, jumla yake 1,008. Molekuli zilipoachwa zigongane tu, mwendo ulibaki wa kasi mno. Zilipotiwa nguvu za kuvutana, ukakaribia ule wa maabara. Mwaka huohuo Ando na Skolnick walikaribia kipimo kilekile kwa njia nyengine: molekuli ikisogea husukuma maji, na maji hayo husukuma jirani zake. Mimi naamini yote mawili yamo. Lakini tangu niyasome, grafu yangu ikikaa sawa hujiuliza kwanza ni sababu gani nyengine ingeichora hivyohivyo.

3. Kompyuta kubwa nayo ina mpaka. Mwaka 2016 watafiti walitumia kompyuta K ya Kobe, Japani, kuigiza uteute wa bakteria Mycoplasma genitalium atomu kwa atomu, zipatazo milioni 100. Muda walioigiza haukufika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Nyumbani, basi, protini nzima naifanya tufe moja, na swali nalichagua kwa kadiri hiyo.

4. Kiangazi joto la hapa hupita nyuzi 40. Laptopu ikipata moto huweza kuzimika katikati ya kazi, kwa hiyo hifadhi hesabu mara kwa mara.

5. Kijana unayesoma haya, Maskati au Unguja, programu za kuigiza molekuli kama GROMACS ni za bure, pakua moja. Weka tufe moja ndani ya maji, kisha ulinganishe mwendo wake na kanuni ya Einstein ya 1905 kuhusu kusambaa kwa chembe. Visipopatana, usiongeze tufe la pili.