Ulinzi wa Mtoto katika Intaneti ni Wajibu wa Nani?

Swali hili lilijibiwa huko Australia kwa sheria. Bunge la nchi hiyo liliipitisha Novemba 2024, nayo ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok yalazimika kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti. Kampuni ikipuuza yaweza kutozwa faini hadi dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Mtoto na mzazi hawaadhibiwi.

Wazazi walihitilafiana. Baadhi walifurahi, maana mtoto hawezi tena kudai kwamba wenzake wote wameruhusiwa. Wengine walinung'unika kuwa wamepokonywa madaraka yao, kwani hata mzazi akitoa idhini haikubaliwi.

Pande zote mbili zina hoja. Lakini fikirini, ndugu wasomaji: sheria hiyo yazuia akaunti, haizuii macho. Video za YouTube zaweza kutazamwa bila akaunti, na WhatsApp haimo katika katazo hilo. Basi mlango mmoja umefungwa, na mingine ingali wazi.

Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba serikali itamlelea. Na aketi na mwanawe, ajue anaongea na nani, tena amzoeze kusema bila hofu pindi atishwapo au aombwapo picha. Mtoto aogopaye kupigwa humficha mzazi jambo lile lile lipasalo kujulikana. Samaki mkunje angali mbichi. Walakini mkunje kwa upole, asije akavunjika.