Paa la Bati na Joto la Nyumba

Mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, uko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai huko ni wa baridi. Lakini jua la adhuhuri, hasa kabla ya mvua, ni kali. Kwa hiyo aliyeondoa nyasi akaezeka bati huweza kulalamika mara mbili: mchana anaungua, usiku anatetemeka. Kwa nini?

Nyasi hushika hewa kati ya mabua yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Bati ni chuma chembamba. Likipata moto, upande wake wa chini huwarushia waliomo mnururisho wa joto. Usiku bati hupoteza joto kuelekea mbingu iliyo wazi, na joto la chumba hulifuata.

Jaribu mwenyewe: adhuhuri, inua kiganja karibu na bati bila kuligusa, kisha mwenzako apitishe ubao katikati. Joto hukatika papo hapo. Ubao huo ndiyo kazi ya dari.

Rangi nyeupe juu ya bati hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, lakini husaidia mchana tu. Dari husaidia mchana na usiku. Juu yake yaachwe matundu yenye wavu, hewa ya moto itoke. Basi, ndugu msomaji, mwenye fedha kidogo na aanze na dari ya chumba cha kulala watoto.