KOO LA MTOTO NA MOYO WA MTU MZIMA

Watu wengi hudhani ya kuwa ugonjwa wa moyo huletwa na uzee au fikira nyingi. Lakini uko mmoja ambao mbegu yake hupandwa utotoni, katika chumba walimolala ndugu wengi pamoja.

Ruiru, mji uliozungukwa zamani na mashamba ya kahawa, ulikuwa na watu zaidi ya 370,000 katika hesabu ya mwaka 2019. Wapangaji ni wengi, na si ajabu kukuta baba, mama na watoto wanne katika chumba kimoja. Hatuwalaumu wazazi, kodi ya nyumba yajulikana. Lakini mtoto mmoja akiumwa koo, matone ya mate yake huwafikia ndugu zake, nayo hubeba vijidudu viitwavyo streptokoki.

Makoo mengi hupona yenyewe. Koo la vijidudu hivi lisipotibiwa, pengine baada ya majuma mawili au matatu hufuata homa na maumivu ya viungo yanayohama, leo goti, kesho kiwiko. Hiyo ni homa ya baridi yabisi, nayo huwashika zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Mwili, katika kupigana na vijidudu, huudhuru moyo wake wenyewe. Milango ya moyo, ambayo kazi yake ni kuizuia damu isirudi nyuma, hupata makovu.

Viungo hupona, mtoto hurudi kucheza, na jambo husahauliwa. Miaka hupita. Msichana yule huolewa, na akiwa mja mzito damu mwilini huongezeka, moyo ukashindwa kazi: pumzi humkatika, miguu humvimba. Majirani husema amerogwa.

Katika Denmark ugonjwa huu ulianza kupungua hata kabla ya penisilini kupatikana, watu walipopata nyumba zenye nafasi. Basi madirisha na yafunguliwe, na watoto walazwe vichwa mbalimbali.

Koo likiuma ghafula pamoja na homa, bila mafua wala kikohozi, mtoto apelekwe zahanati. Huenda akapigwa sindano moja ya penisilini, au akapewa dawa ya siku 10, ambayo lazima imalizwe hata kama maumivu yamekwisha. Aliyekwisha kupatwa na homa ya baridi yabisi hupigwa sindano kila majuma 3 au 4 kwa miaka mingi. Na mama ampelekaye mtoto kwa sababu ya viungo amweleze daktari pia habari za koo la majuma yaliyopita.