Pilato na Swali Alilolikimbia

Andiko la somo: Yohana 18:33-40, Mithali 18:17, Kumbukumbu la Torati 19:15-19

Kuna maneno yameingia kwetu, na yameingia yakiwa yamevaa nguo nzuri: "Kila mtu ana ukweli wake." Utayasikia kwa vijana wakirudi kutoka chuo, utayasikia kwenye redio, utayasikia hata kwenye kikao cha familia, ndugu wawili wakigombania shamba na mjomba anataka kikao kiishe mapema aende zake. Yanasikika kama unyenyekevu. Nani atamkemea mtu anayesema wewe una wako na mimi nina wangu, tusisumbuane?

Kabla hatujayapokea, twende kwa Pilato. Huyu ni gavana wa Kirumi, amekaa kuamua kesi. Mbele yake yuko mtu aliyefungwa, asiye na wakili. Yesu anamwambia amekuja ulimwenguni kuishuhudia kweli, na Pilato anauliza kweli ni kitu gani. Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini soma mstari wote wa 38. Hakungoja jibu! Alitoka nje, na neno la kwanza aliloliambia lile kundi ni kwamba haoni kosa lolote kwa mtu huyu. Luka 23 inaonyesha alisema hivyo mara tatu. Kwa hivyo kweli iliyomhusu siku hiyo alikuwa nayo mkononi: mshtakiwa hana hatia. Kilichomsumbua ni gharama ya kuisimamia, maana kundi lilikuwa linapiga kelele na kazi yake kwa Kaisari ilikuwa hatarini. Lile swali lilikuwa mlango wa nyuma.

Sasa uliza: hakimu akisema hakuna anayejua kweli ni nini, ni nani anayeumia? Si hakimu. Si wale wenye sauti kubwa nje. Ni yule aliyefungwa. Shika hapo.

Kiswahili chetu chenyewe kinatusaidia. Tuna neno "mkweli" na tuna neno "kweli", na mtu anaweza kuwa wa kwanza bila kusema la pili. Mama anakwambia mtoto wake yuko shuleni. Hadanganyi, alimwona akitoka na begi. Lakini kijana yuko sokoni Malili anacheza mpira nyuma ya maduka. Mama ni mkweli. Alichosema si kweli. Mtu anaposema "huu ndio ukweli wangu", mara nyingi anamaanisha ushuhuda wake, vile alivyoona na vile alivyoumia. Huo tuusikilize kwa heshima. Lakini ushuhuda unapimwa na jambo lenyewe. Jambo halisogei kwa sababu mimi nimeona vingine.

Na msidhani ubishi huu ni wa Wazungu peke yao. Waafrika wawili wasomi waliubishania miaka ya 1970. Kwasi Wiredu wa Ghana aliandika kwamba kweli ni maoni: ukisema jambo ni kweli, daima ni mtu fulani amesimama mahali fulani ameliona hivyo, na hakuna binadamu anayeweza kutoka nje ya macho yake. Mkenya mwenzetu, Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akampinga: kama kweli ni maoni, basi kutakuwa na kweli nyingi kama watu walivyo wengi, na kukosea kutakuwa hakuna maana tena. Tumtendee haki Wiredu, kwa sababu hakusema maoni yote ni sawa. Alitaka kila oni lichunguzwe kwa akili na ushahidi, na alikuwa anapigana na wale wanaotumia neno "kweli" kama rungu la kunyamazisha wengine. Kwa hilo ninamwelewa. Lakini nadhani Oruka alishika mahali penyewe. Ukichunguza, unachunguza ili ujue nini, kama hakuna kitu pale cha kujulikana?

Wacha tuilete nyumbani. Tangu Serikali inunue ekari 5,000 za Malili Ranch mwaka 2009 kwa ajili ya mji wa Konza, ardhi ya upande huu imekuwa dhahabu. Chukua mfano: ploti moja, watu wawili, kila mmoja na karatasi yake. Mjane analima ndengu hapo tangu mume wake akiwa hai. Mwingine amekuja na gari na mpima ardhi. Haya, waambie kila mtu ana ukweli wake! Mwenye gari atafurahi sana, jameni. Yeye hahitaji kweli; ana pesa, ana simu za wakubwa. Mjane hana kitu kingine. Kama hakuna jambo lililotendeka kweli siku ile ploti ilipouzwa au haikuuzwa, basi amekwisha.

Ndiyo maana sheria ya Musa inataka mashahidi wawili au watatu, waamuzi wachunguze sana, na shahidi wa uongo apewe adhabu aliyokusudia kwa mwenzake. Ndiyo maana Mithali inasema kwamba anayeongea kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje kumhoji. Hata Mahakama ya Juu ya Kenya, mwezi wa Aprili 2023, katika kesi ya ardhi ya ufuoni kule Nyali, iliamua kwamba kuonyesha hati miliki hakutoshi. Lazima ijulikane ile hati ilipatikana vipi tangu mwanzo. Yaani nyuma ya karatasi kuna jambo lililotendeka, na ndilo linaloamua.

Babu zetu Wakamba nao walilijua hili. Kesi ikishindikana, watu waliapishwa kwa kithitu, na iliaminika aliyeapa uongo angeona vifo nyumbani mwake. Sisi hatuapi kithitu, na siombi kirudi. Lakini fikiria: mtu haogopi kiapo hicho kama anaamini kila mmoja ana ukweli wake.

Mtu ataniuliza, je, si hao hao wenye "kweli moja" waliotudharau? Ni swali la haki. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Nzaui, hapa hapa Makueni, mwaka 1895. Walileta Injili, na pamoja nayo walileta desturi za kwao, na mara nyingine hawakutofautisha. Ngoma zetu zilikatazwa. Lakini angalia tunavyowajibu: tunasema walikosea. Huwezi kusema mtu amekosea kama hakuna kilicho sahihi. Matendo 15 inaonyesha mitume wakikataa kuwabebesha watu wa mataifa desturi za Kiyahudi. Walijua desturi ni desturi na Injili ni Injili.

Na hapa sisi watu wa Roho tusijifiche. "Kila mtu ana ukweli wake" lina ndugu yake anayekaa kanisani, naye anaitwa "mtumishi ameonyeshwa." Likitamkwa, maswali yanaisha. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, watoto wakiwemo. Waliambiwa kufunga mpaka kufa ni njia ya kumwona Yesu. Si wote walikuwa wanafiki. Wengi waliamini kwa moyo wote. Walikuwa wakweli, na lile neno halikuwa kweli. Paulo alipohubiri Beroya, wasikilizaji walikwenda kuchunguza Maandiko kila siku kuona kama mambo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11), na Luka anawasifu kwa hilo. Kama mtume alichunguzwa, mimi ni nani nisichunguzwe? Hata jarida hili lichunguzeni.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: someni Yohana 18:38 mpaka 19:16 kwa sauti, mhesabu mara ambazo Pilato anatoka na kuingia. Kisha mjadili: je, kuna kesi kijijini kwetu, ya mpaka, ya mirathi au ya binti aliyedhulumiwa, ambayo tuliifunga kwa kusema kila mmoja ana ukweli wake? Ni nani aliyerudi nyumbani akilia? Kiongozi wa kikundi asijibu wa kwanza.