Maji Yapoteayo Chooni

Katika somo hili nataka kueleza jinsi ya kutafuta mahali maji yanapopotea katika choo cha kuvuta. Jambo hili laonekana dogo, lakini katika mkoa wetu wa Singida si dogo. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu. Maziwa ya Singidani na Kindai yako karibu na mji, lakini maji yake ni ya chumvi. Kwa hiyo twategemea sana visima, na vijijini wako mama na dada zetu waendao mbali wakiwa na ndoo kichwani.

Basi tufanye hesabu. Choo kikivuja lita 1 kila dakika 10, kwa saa moja ni lita 6, na kwa siku ni lita 144, yaani zaidi ya ndoo 7 za lita 20. Kwa siku 30 ni lita 4,320. Maji hayo hayakumwosha mtu wala kunywesha mche, lakini mita imeyahesabu na mzazi atayalipia.

Dalili ni kwamba tangi hujijaza tena ingawa hakuna aliyelivuta, na usiku husikika sauti ya maji. Wengi wakiisikia hukimbilia dukani. Nimepata kuona boya jipya likifungwa katika tangi ambalo ubovu wake ulikuwa mpira wa chini. Fedha zikaenda, na maji yakaendelea kwenda. Hapana budi kujua sababu kabla ya kununua kitu.

Fanyeni hivi. Kwanza, acha tangi lijae, kisha funga koki ya bomba liingizalo maji. Pili, piga alama ya penseli ndani ya tangi pale maji yalipofika. Tatu, tia matone ya rangi ya chakula katika tangi. Ngoja nusu saa, na mtu yeyote asikitumie choo. Kisha tazama. Utapata moja ya majibu haya matatu.

1. Maji yameshuka, na rangi imeonekana katika bakuli la choo. Mpira wa chini hauzibi. Maji mengi ya ardhini huku kwetu yana madini, nayo huacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Ukoko huo huuzuia mpira usikae sawasawa. Usugue kwa siki au ndimu. Lakini mpira ukiwa umekakamaa, nunua mwingine. Ikiwa maji yalishuka kidogo kisha yakasimama, lichunguze bomba la kufurikia, kwani huenda lina ufa penye kimo hicho.

2. Maji yameshuka, lakini bakulini hamna rangi. Yanatoka nje ya tangi. Pitisha karatasi kavu chini ya tangi, kwenye nati na maungio ya bomba. Palipo na unyevu ndipo penye kasoro.

3. Maji hayakushuka. Tangi ni zima, na ubovu uko upande wa kuingilia maji. Fungua koki, uangalie kama maji yanapita juu ya bomba la kufurikia. Inua boya kwa mkono. Maji yakikoma, boya limewekwa juu mno; lishushe. Yasipokoma, valvu imechakaa au imeingia mchanga.

Wanafunzi wenzangu mtaona kwamba njia hii ni ile ile ya maabara: tunafunga njia moja, tunaangalia, ndipo tunasema. Gharama yake ni penseli na matone machache ya rangi. Nawaomba mjaribu bwenini, na wakati wa likizo mjaribu nyumbani pamoja na wazazi wenu. Haba na haba hujaza kibaba. Vivyo hivyo tone kwa tone humaliza kisima.