Kabla ya Kuweka PIN: Jinsi ya Kuchagua Laptopu ya Kila Siku Bila Kujuta

Mwenzetu mmoja wa ofisini anaishi Milimani, hapa Kisumu. Dadake mdogo alipoitwa Chuo Kikuu cha Maseno, mama yao, ambaye huuza samaki Dunga, alitoa shilingi 32,000 alizokuwa ameweka kidogo kidogo karibu mwaka mzima. Pesa ya laptopu. Msichana akashuka town, akaonyeshwa mashine safi inang'aa: "Hii ni ex-UK, core i5, iko sawa kabisa." Muuzaji akamwambia atume pesa kwa namba yake ya simu kwa sababu "Till iko na shida leo." Akatuma. Risiti hakupewa.

Wiki tatu baadaye laptopu ikaanza kukwama. Rafiki wa hosteli akamsaidia kuifuta na kuianzisha upya. Ilipounganishwa na intaneti, ikaleta jina la kampuni ya ng'ambo na kudai nenosiri la mfanyakazi. Safari ikaishia hapo. Namba ya muuzaji haikupatikana tena. Muhula wote wa kwanza alifanya kazi zake kwa simu na kwa kupanga foleni ya kompyuta za maktaba.

Sisi kazi yetu ni malipo, hatuuzi laptopu. Lakini jambo moja tunalijua vizuri: ukishaweka PIN, nguvu yako ya kujadiliana inapungua sana. Kwa hivyo somo la leo ni kuhusu ile nusu saa ya kabla ya PIN.

1. Anza na kazi yako, bei ifuate

Jiulize: hii laptopu ni ya nini? Kama ni kuandika, kusoma PDF, Zoom, barua pepe na hesabu za biashara, huhitaji mashine ya kucheza gemu. Kwa kazi za kila siku, tafuta RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. SSD ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mashine ya zamani yenye SSD huwaka haraka na kufungua mafaili bila kukusumbua, wakati ile yenye diski ya kuzunguka hukufanya unywe chai ukisubiri. Tena diski ya kuzunguka huumia ikirushwarushwa kwenye matatu.

Na kama una 32,000, usinunue laptopu ya 32,000. Acha kitu cha begi, bando, na kifaa cha kuzuia umeme unaoruka. Sote tunajua stima inavyofanya mvua kubwa ikinyesha.

2. Soma namba ya prosesa, usisikize "core i5"

Hapa ndipo wengi hupotea. "Core i5" pekee haikuambii kitu, kwa sababu kuna i5 za zaidi ya miaka kumi iliyopita. Angalia namba inayofuata. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8250U ni kizazi cha 8.

Kwa nini inahusu? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho msaada wa kawaida wa Windows 10. Mashine bado inawaka, lakini haipati tena masasisho ya usalama kama zamani. Windows 11 nayo, kwa prosesa nyingi za Intel, inakubali kizazi cha 8 kwenda juu. Ndiyo maana HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa kwenye maduka ya ex-UK, ina bei nzuri: prosesa yake ni ya kizazi cha 6. Muuzaji anaweza kukuwekea Windows 11 kwa njia ya mkato, lakini Microsoft haiahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho.

Usitegemee jina la modeli pia. EliteBook 840 G5 nyingi zina kizazi cha 8, lakini zipo zilizotoka na cha 7. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya Performance. Utaona prosesa, RAM, na kama diski ni SSD au HDD. Ni dakika moja tu.

Kama unatumia laptopu hiyo hiyo kufungua barua pepe, benki na akaunti za biashara, usalama wake ni usalama wa pesa zako.

3. Pima betri kwa namba

Muuzaji atakuambia inakaa "masaa manne hivi." Mwombe ruhusa ufungue Command Prompt, uandike powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi. Linganisha namba mbili: Design Capacity, yaani uwezo wa betri ikiwa mpya, na Full Charge Capacity, uwezo wake leo. Kama ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 30,000, betri imebaki na asilimia 60. Si lazima ukatae. Lakini sasa una sababu ya kuomba bei ishuke.

4. Iwashe upya ukiwa pale pale

Kosa la yule msichana lilikuwa hapa, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Kampuni za nje hufunga laptopu za wafanyakazi kwa mbali. Mashine ikiuzwa bila kufunguliwa, inaweza kufanya kazi vizuri hadi siku utakapoifuta.

Kwa hivyo mwombe muuzaji aifute na kuianzisha upya mbele yako, kisha uiunganishe na hotspot ya simu yako. Ikileta jina la kampuni au shule, rudisha na uondoke. Halafu izime, iwashe tena, na uingie BIOS (kwa HP nyingi ni kubonyeza F10 mfululizo). Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, hiyo pia achana nayo.

Ukingoja, jaribu kibodi yote, kamera, spika, Wi-Fi na kila tundu la USB. Kibodi za Uingereza zina alama ya pauni juu ya 3, na @ imebadilishana nafasi na alama ya kunukuu. Hiyo si mbovu, ni mpangilio tu.

5. Lipa kwa njia inayoacha alama

Lipa kwa Till au Paybill ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Je, linafanana na jina lililo kwenye risiti? Ukiambiwa "tuma kwa namba yangu," uliza kwa nini, na uwe tayari kwenda duka la pili.

Risiti iwe na tarehe, modeli, namba ya siri ya mashine (serial), siku za waranti, na kodi ya muamala. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 zinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa. Lakini haki bila ushahidi ni kazi ngumu.

Tuseme ukweli pia: kurudishiwa pesa na kampuni ya malipo ni kwa ajili ya aliyekosea namba. Ukimlipa muuzaji kwa hiari yako halafu bidhaa ikawa mbovu, huo ni mgogoro kati yenu, na sisi hatuwezi kuuchomoa mfukoni mwake. Na muuzaji yeyote, hata awe rafiki, hahitaji PIN yako wala simu yako mkononi mwake.

6. Ukilipa pole pole, piga hesabu yote

Chukua mfano. Laptopu ni 28,000 kwa pesa taslimu. Kwa mkopo unatoa 8,000, kisha 150 kwa siku kwa siku 240. Hiyo 150 inaonekana ndogo, lakini 150 mara 240 ni 36,000. Ukiongeza 8,000 unafika 44,000. Umelipa 16,000 zaidi. Kama laptopu itakuingizia pesa kuanzia wiki hii, huenda inafaa. Kama inaweza kungoja miezi mitatu, weka akiba.

Yule msichana alipata laptopu nyingine muhula wa pili, baada ya mama na kakake kuchanga tena. Safari hii alikaa dukani karibu saa nzima, muuzaji akakasirika kidogo. Betri ilikuwa asilimia 58, akapunguziwa 2,500. Akalipa kwa Till, jina likafanana, akaondoka na risiti.

Piga picha orodha hii, ukae nayo kwenye simu. Siku ya kushuka town, ifungue kabla hujafungua menyu ya malipo.