SOMO LA AFYA: Mzee anayetetemeka si mlevi



Siku ya mgao huenda umemwona mzee asiyeweza kushika vizuri kadi yake ya chakula. Mkono mmoja unatetemeka hata akiwa ameutuliza, anatembea kwa hatua fupi fupi huku ameinama, na uso wake hauonyeshi furaha wala hasira. Walio nyuma yake katika foleni humwita mlevi. Wengine husema amerogwa. Inawezekana ana ugonjwa wa Parkinson, ulioitwa kwa jina la daktari James Parkinson wa London, aliyeandika habari za wagonjwa 6 mwaka 1817. Hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja.

Ndani kabisa ya ubongo kuna kundi dogo la seli zenye rangi nyeusi. Kazi yake ni kutengeneza dopamini, ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili. Mtu anapoanza kutetemeka, nyingi kati ya seli hizo zimekwisha kufa.

Kwa nini zife hizo? Fikiria ghala letu la chakula. Seli ya dopamini ni kama ghala moja linalolisha vituo vingi mno: matawi ya seli moja yakiunganishwa, kwa makadirio yanapita mita 4, ingawa seli yenyewe haionekani kwa macho. Mizigo yote hupita ndani ya matawi hayo kwa njia zilizo kama reli. Nguvu hutoka kwenye mitokondria, yaani jenereta ndogo ndogo za seli, nazo pia lazima zisafirishwe hadi kule mwisho. Jenereta ikiharibika hutoa mabaki yenye sumu, na seli yenye afya huitia alama, ikaivunja. Wagonjwa wachache wamerithi kasoro inayozuia kazi hiyo ya kuondoa mitokondria mbovu. Hao huweza kuugua hata kabla ya miaka 40. Kwa wengi zaidi, protini iitwayo alfa-sinukleini hujikunja vibaya na kuganda mafungu mafungu ndani ya seli. Mizigo inakwama, nguvu inapungua, uchafu hauondolewi, na kila shida huzidisha nyingine.

Wengi wenu mnaujua utupa, mmea unaotwangwa na kutiwa majini ili samaki walewe. Ndani yake mna rotenoni, sumu inayozuia kazi ya mitokondria. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walieleza kwamba panya waliopewa rotenoni kwa majuma kadhaa walipoteza seli za dopamini, wakawa wazito wa mwendo. Hatusemi kwamba kila aliyewahi kuvua kwa utupa ataugua! Lakini usiutwange ukivuta vumbi lake, na dawa za kuulia wadudu shambani usizishike kwa mikono mitupu.

Dawa ya kuponya haipo. Ipo ya kupunguza dalili, nayo ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Hutolewa pamoja na kabidopa katika kidonge kimoja. Hapa tena kuna jambo la usafiri: levodopa huingia katika damu na ubongo kwa mlango uleule unaopitisha protini ya maharage baada ya kumeng'enywa. Vikifika pamoja hugombania mlango, na dawa huchelewa. Kwa kuwa maharage ndiyo mboga yetu ya kila siku, mpe mgonjwa kidonge nusu saa kabla ya kula, au saa moja baadaye. Akisikia kichefuchefu, ale kipande cha muhogo pamoja na dawa. Usimwachishe ghafla, maana anaweza kukakamaa mwili mzima na kupata homa kali ya hatari. Vidonge vikibaki vya siku chache, nenda zahanati mapema.

Si kila anayetetemeka ana Parkinson. Haloperidoli wanayopewa wagonjwa wa akili, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, huweza kuleta dalili hizohizo, na mara nyingi hupungua mganga wa zahanati akibadilisha dawa. Kwa hiyo ukimpeleka mzee zahanati, chukua na dawa zote anazotumia, hata za kienyeji. Na kabla ya siku ya mgao, mweleze kiongozi wa mtaa wenu hali yake, ili uombe ruhusa ya mtu mwingine kumchukulia chakula.